Picha Waione Mwisho

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

  Mkaza mjomba wako anauliza kama mvua za Kyela zimekuachia walau siku moja ya kuanika nguo.

Barua yako imenifurahisha mno. Mwalimu kijana kuomba mwenyewe apewe somo la sanaa darasa la nne, wakati wenzake wanalikwepa, ni jambo la kumshukuru Mungu. Unasema unataka watoto wako wawajue wasanii wakubwa, wa kwetu na wa nje, na kwamba umekwisha kuchapisha picha za rangi pale mjini. Mpango wako ni kuzibandika ubaoni, watoto wazinakili madaftarini, kisha waandike chini jina la msanii na mwaka aliozaliwa. Umeniomba nikuongezee majina.

Majina nitakupa. Lakini nakuomba picha hizo uzifungie kabatini kwanza. Usizitupe, utazihitaji, ila zisiwe kitu cha kwanza watoto kukiona. Mtoto akionyeshwa kazi iliyokamilika ya mtu mkubwa kabla mkono wake haujashika chochote, hukata tamaa, au hukazana kuifananisha, na muda wote jicho lake linatafuta alipokosea. Hamfikii msanii kwa njia hiyo. Anaambulia kuamini kwamba sanaa ni kazi iliyokwisha kufanywa na wengine, tena mbali. Mimi nataka aingie kwa mlango wa kazi. Mpe vifaa alivyokuwa navyo msanii, au vinavyokaribiana navyo. Mpe shida ileile iliyokuwa mbele ya msanii. Mwache ahangaike nayo. Akishahangaika, fungua kabati.

Anza na Edward Saidi Tingatinga. Ni wetu, na vifaa vyake vinapatikana hata huko uliko. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja huku Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akifanya kazi za nyumbani na vibarua vingine. Shule ya uchoraji hakuwahi kuiona. Alipoanza kuchora picha za kuuza, mwaka 1968 hivi, alikuwa mtu mzima. Wanaosimulia habari zake husema aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, akajiambia kazi hiyo naye anaiweza.

Simulia mpaka hapo tu, kisha waulize watoto: mtu asiye na turubai wala rangi za wachoraji, atachorea nini, na juu ya nini? Wape muda. Watakutajia ukuta, mchanga, mkaa, mgongo wa boksi. Wakimaliza ndipo uwaambie kwamba yeye alichukua hadibodi, ile inayopigiliwa dari, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Utaona nyuso zao. Baiskeli wanaijua.

Sasa kuna hesabu ndogo hapa ambayo naipenda sana. Hadibodi nzima dukani ni futi 4 kwa 8. Ukiikata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata vipande 8, na hakibaki kitu cha kutupa. Picha nyingi za Tingatinga ni mraba wa sentimita 60 hivi kila upande, yaani futi mbili. Naamini umbo la picha zile lilianzia kwenye hesabu ya mtu asiyetaka kupoteza bodi aliyoinunua kwa jasho lake. Wape watoto hesabu hiyo waipige wenyewe kabla hujawaambia jibu, na kama mwalimu wa hisabati ni mtu mwema, afanye naye kwenye kipindi chake.

Rangi ya mafuta nayo ina tabia zake. Inafunika vizuri na inang'aa, lakini ukiweka ya pili juu ya ya kwanza kabla haijakauka, zote mbili zinachafuka. Kwa hiyo mchoraji anapaka bodi nzima rangi moja ya nyuma, anasubiri. Anaweka mnyama, anasubiri tena. Madoa, macho na manyoya huja mwishoni. Usiwape watoto rangi yenyewe wala tina, harufu yake si ya kufungiwa darasani na watoto sitini. Wape vipande vya boksi gumu, mraba wa sentimita 30, na rangi ya maji. Siku ya kwanza wapake rangi ya nyuma peke yake, moja tu, bodi nzima, kisha vipande vikaanikwe. Watalalamika kwamba hawajachora kitu. Waache walalamike. Kipindi kinachofuata kila mtoto achague mnyama mmoja, na sheria iwe hii: mnyama aujaze mraba mpaka akaribie kugusa kingo zote. Nyumba, jua na mti vikae nje kwa leo. Anayechora twiga ataishiwa nafasi ya shingo. Anayechora chui, mkia utakosa pa kwenda. Watakuja kukuuliza wafanye nini, na hapo, mpwa wangu, ndipo pagumu kwa mwalimu: usiwajibu. Mmoja ataupinda mkia juu ya mgongo, wa pili atainamisha shingo, na mwingine atamlaza mnyama wake.

Vikikauka, na madoa yakishawekwa, fungua kabati utoe Tingatinga. Waache watazame bila maelezo yako. Watakuwa wa kwanza kukuonyesha jinsi mgongo ulivyopinda kufuata ukingo na mkia ulivyotafutiwa pa kupita, kwa sababu na wao waliihangaikia shida hiyo. Nimeliona jambo hili darasani mwaka baada ya mwaka, na bado linanisisimua: mtoto wa miaka kumi anamzungumzia mchoraji mkubwa kwa lugha ya mafundi wenza.

Utaulizwa alikufaje. Waambie kweli. Mwaka 1972, usiku, Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walimpiga risasi kwa kumdhania mmoja wao. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu, au karibu na hiyo. Wapo walimu wanaoificha habari hii, nami naona wanakosea. Watoto wa darasa la nne wamekwisha kuzika ndugu. Wakijua miaka ilikuwa michache, wataelewa kwa nini waliobaki, ndugu na vijana aliokuwa akiwafundisha, waliishikilia kazi ile wasiiache ife, mpaka leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima.

Hapa utakutana na swali zito, na ni afadhali ulifikirie kabla halijakujia. Wanafunzi wa Tingatinga walijifunza kwa kumsaidia, kupaka rangi za nyuma, kufuata mkono wake. Upande wa pili yuko Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, yule aliyechora kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya akamweka Yesu katikati ya vilima na watu wa Kikuyu. Njau alishiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, na msimamo wake unajulikana na kila aliyepita pale: kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Basi nani amekosea? Kwa maoni yangu, hakuna. Kijana anayekaa miezi kando ya fundi, akichanganya rangi na kubeba bodi, anarithi mwendo wa mkono na uvumilivu, na hiyo ni elimu. Anayepewa picha iliyochapishwa na kuambiwa aitoe vilevile kwa dakika arobaini anapata mistari mitupu. Njau alikuwa anaupiga vita unakili wa namna hiyo ya pili, na ndiyo maana nimekuomba ufunge kabati.

Kuhusu rangi, usisubiri bajeti ya shule. Nyeusi ipo kwenye masizi ya sufuria, yakwangue na uyachekeche. Nyekundu na kahawia zipo kwenye udongo wa barabarani: uloweke, utikise, umimine maji ya juu yenye rangi kwenye chombo kingine, uache yatuame, na hilo tope laini la chini ndilo rangi. Njano ni manjano ya jikoni, ingawa hupauka ikikaa juani. Buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Nyeupe ni vumbi la chaki, nalo huko shuleni halikosi. Kinachohitajika ni cha kuishikisha rangi isipukutike. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo au ngano, uchuje, uchanganye na rangi ungali vuguvugu. Tumia siku hiyohiyo, maana kesho utakuwa umechacha. Kiini cha yai kilichopunguzwa kwa maji nacho kinafanya kazi hiyo, na wachoraji wa Ulaya walikitumia karne nyingi kabla ya rangi ya mafuta kushika nafasi, lakini sitaki nikusikie umechukua mayai ya watoto wa watu. Brashi ni kijiti kibichi kilichotafunwa ncha, sawasawa na mswaki wa mti. Watoto wafanye haya yote wenyewe. Aliyetwanga rangi yake haimwagi ovyo, na siku utakayomwambia kwamba zamani mchoraji alianza kazi kwa kusaga rangi, hatahitaji maelezo.

Baada ya Tingatinga, mpe nafasi Henri Matisse, Mfaransa. Najua utashangaa, maana wapo wengi wa karibu. Nina sababu. Januari 1941, akiwa na miaka 71 na jina kubwa tayari, alifanyiwa upasuaji mzito wa saratani ya tumbo. Akapona, lakini kusimama mbele ya turubai kwa saa nyingi hakuweza tena. Siku nyingi alikuwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Wasaidizi wake wakawa wanampakia karatasi nyeupe rangi nzito ya maji, nyekundu tupu, buluu tupu, kijani tupu, yeye anachukua makasi makubwa na kukata maumbo moja kwa moja ndani ya rangi. Majani, ndege, samaki, watu. Wasaidizi wanayabandika ukutani kwa pini, yeye anawaelekeza kutoka alipoketi: pandisha, shusha, sogeza kushoto. Mwaka 1947 kikatoka kitabu chake cha picha za namna hiyo, Jazz, chenye picha 20. Mwaka 1953, mwaka mmoja kabla hajafa, akatengeneza Konokono, kazi ya karatasi yenye karibu mita 3 kila upande, ambayo sasa iko jumba la Tate, London.

Wasimulie watoto hadi kwenye upasuaji, kisha uwape shida yake. Kaeni mkekani, na asisimame mtu. Penseli zote zikusanywe ziwekwe mezani kwako, kwa sababu mtoto akichora kwanza halafu akakata, amekata mstari, umbo hakuligusa. Karatasi zipakwe rangi siku moja kabla. Mfundishe asiuzungushe mkono wenye makasi: mkono huo utulie, ule ulioshika karatasi ndio uzunguke. Jambo dogo hilo linabadilisha kila kitu. Nilikuwa na msichana mmoja darasani ambaye kwa penseli hakuwa na raha hata kidogo, akiambiwa achore anafunika daftari kwa mkono. Tulipoweka penseli kando akakata ndege wa kila namna bila kusita, kwa sababu alikuwa amekaa miaka chini ya cherehani ya mama yake akitazama kitambaa kikikatwa. Siku ile darasa zima lilimgeukia yeye.

Makasi hayatatosha, hilo nalijua. Yapitishwe kwa zamu, na wanaosubiri wapasue kwa vidole. Karatasi iliyopasuliwa ina ukingo wake mweupe wa kupendeza. Waambie wasitupe vilivyobaki, kwa maana tundu alilotoka samaki nalo ni samaki. Na gundi isiguswe mpaka kila mtoto amehamisha vipande vyake mara nyingi juu ya karatasi ya chini. Matisse alitumia pini kwa sababu hiyohiyo, apate kubadili mawazo.

Halafu, kabla ya kumwonyesha Matisse, kuna habari ambayo vitabu vingi vya watoto huiacha, nami nakusihi usiiache. Ukutani mwa chumba chake cha kazi Matisse alikuwa ametundika vitambaa vya Wakuba, watu wa Kasai huko Kongo. Ni vitambaa vya nyuzi za mti wa mwale. Wanaume hufuma, wanawake hutarizi juu yake mapambo ya pembe na mistari, na pambo linaweza kugeuka katikati ya kitambaa bila kutoa taarifa, likaanza jingine. Mzee yule alivitazama kwa miaka, akavipenda. Kwa hiyo unapowaonyesha watoto kazi zake, weka kando yake picha ya kitambaa cha Kikuba, uwaache watafute kinachofanana. Sitaki wakue wakidhani kwamba kujifunza kwa wakubwa ni njia ya kwenda upande mmoja, kutoka Ulaya kuja kwetu.

Wengine nitakutajia kwa haraka. Hokusai wa Japani, mwenye lile wimbi kubwa la mwaka 1831 hivi. Watu hudhani ni mchoro mkubwa wa rangi, kumbe ni chapa ya mbao, upana wake hauzidi sana karatasi mbili za daftari zilizofunuliwa. Yeye alichora, mafundi wengine wakachonga mbao, wengine wakachapa. Gawa darasa vivyo hivyo: mchoraji, mchongaji, mchapaji. Badala ya mbao tumia ndala chakavu, soli yake inachongeka kwa wembe, nao wembe ushike wewe. Rangi ya buluu tayari mnayo. Watoto watagombana kuhusu nani mwenye picha, na ugomvi huo ni somo zuri, usiuzime mapema.

El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe, akavipondaponda na kuvikunja, akaviunga kwa waya wa shaba mpaka vikawa mapazia makubwa ya kung'aa. Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Tahadhari moja: vifuniko vyake ni vya alumini laini. Vizibo vya soda ni vya chuma, vitawakata watoto vidole. Tumia pakiti za biskuti na majani ya chai zinazong'aa kwa ndani, zikatwe vipande, zitobolewe, ziungwe kwa uzi. Kila mtoto alete kipande chake na vyote viunganishwe kuwa kimoja. Kisha mkitundike leo hivi, kesho vile, maana kazi za Anatsui hazina umbo moja la kudumu, anayezitundika ndiye anayeamua zikunjane wapi.

Magdalene Odundo nilimweka akilini tangu niliposoma kwamba umepangiwa Kyela. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusoma, na leo ni mmoja wa wafinyanzi wanaoheshimiwa kuliko wote duniani. Hatumii gurudumu la mfinyanzi. Katika miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha mji uliokuwa ukiitwa Abuja, sasa Suleja, akajifunza kwa wanawake waliofinyanga kwa mkono, mkubwa wao akiwa Ladi Kwali, ambaye sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Mfinyanzi kwenye noti! Watoto wako lazima walisikie hilo.

Na wewe uko karibu na ardhi ya Wakisi. Vyungu vyao vya Ikombe vinauzwa Matema na vinajulikana nchi nzima. Hapa sitakupa maelekezo mengi, kwa sababu mwalimu wa kipindi hiki si wewe wala mimi. Nenda Matema siku ya soko, msalimie mama mmoja mfinyanzi kwa adabu, umwombe aje shuleni, na umlipe nauli na siku yake ya kazi, hata kama ni kwa michango ya walimu. Aketi, watoto wamzunguke, asihutubie. Afinyange tu. Halafu wao wafinyange, wapige pasi kwa kokoto laini ya ziwani udongo ukiwa umekauka nusu, mpaka ung'ae bila rangi yoyote. Yeye atawaonyesha namna ya kuchoma.

Nyongeza yako wewe iwe ni hii ya moto. Udongo wenye chuma ukichomwa hewa ikipita vizuri hutoka mwekundu. Ukiunyima hewa ukiwa ndani ya moto, ukaufunika kwa majani au maranda uzongwe na moshi, hutoka mweusi. Vyungu vya Odundo, ile rangi ya chungwa iliyoiva na ile nyeusi tititi, hutokana na kanuni hiyohiyo. Udongo ni mmoja, moto ndio tofauti. Wachome nusu hivi na nusu vile. Siku utakayowaonyesha picha za Odundo, mama yule wa Matema awepo ikiwezekana. Natamani sana watoto wamsikie akizitolea maoni, kwa maana yeye ndiye anayejua ugumu wa kupandisha shingo nyembamba ya chungu bila gurudumu.

Kuna mmoja ambaye hahitaji kifaa chochote. Sam Ntiro, wa Machame, alizaliwa 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa pale katika miaka ya 1930. Mama yule alikuwa na mtindo wa kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kwa utaratibu, wao wakilijenga akilini, ndipo wachore. Ntiro alikwenda London kusoma zaidi, na baadaye akarudi huko akiwa Balozi wa Tanganyika. Lakini picha zake zilibaki Uchagani: watu wanalima, wanajenga, wanavuna pamoja. Moja ya mwaka 1956, wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Picha ya mbege, mpwa wangu, imefika New York.

Kwa kipindi cha Ntiro, watoto wafumbe macho. Wasimulie jambo wanalolijua: kuvuna mpunga, au kukausha kakao, au mtumbwi unaotia nanga. Nani yuko mbele? Amebeba nini, kwa mkono upi? Aliye nyuma anatazama wapi? Jua liko upande gani? Uliza, usijibu. Nyamaza kidogo. Kisha wafumbue na kuchora bila kuulizana. Utapata picha sitini za mavuno sitini, na hakuna kipindi kinachomsaidia mtoto anayesema "sijui kuchora" kuliko hiki, kwa sababu cha kufananisha nacho hakipo.

Mwalimu wako mkuu atataka alama, na ana haki yake. Mpe. Lakini usitoe alama kwa kufanana na picha ya kabatini. Mwite mtoto, mwambie akuonyeshe mahali palipomsumbua na alivyojitoa. Mwenye la kusema hapo amejifunza, hata kama chui wake anafanana na mbuzi. Mwaka wa kuzaliwa wa msanii waandike, haudhuru, ila uwe mstari wa mwisho daftarini, na usiutahini peke yake. Na kazi zao zikae ukutani kwa urefu wa macho yao, siyo yako.

Nimempa kondakta wa basi la Mbeya mfuko wako, ataukabidhi kituoni na kijana wa mizigo wa Kyela atakupigia. Ndani kuna makasi niliyoyakusanya kwa mafundi wa hapa mtaani, yamenolewa upya, buluu ya kufulia pakiti kadhaa, na vipande vya hadibodi vilivyobaki nilipotengeneza dari ya chumba cha uani. Hivyo ni vichache, usivigawe. Viweke kwa kazi moja ya darasa zima, bodi moja kwa kikundi, mwishoni mwa muhula. Picha ya kitambaa cha Kikuba nimeikata kwenye gazeti la zamani, imo ndani ya bahasha ya kaki, usiikunje.

Niandikie mama wa Matema amekubali au la. Kama anasita kwa sababu ya fedha, niambie kiasi, tutaona la kufanya na mama yako.

Msalimie mwenye nyumba wako na walimu wenzako.

Mjomba wako akupendaye